Jangwa Lisilo na Sheria: Mhadhara juu ya Kitabu cha Pili cha James Dashner



Nilipotakiwa nije nizungumze juu ya riwaya wanazozisoma vijana wa zama hizi, nilidhani kwamba nitafika hapa na mizigo miwili ambayo mtu wa umri wangu haikosi, yaani lawama na majuto. Lakini katika kujitayarisha nilizama katika vitabu vyenyewe, usiku baada ya usiku, hata watu wa nyumbani wakaanza kuinung'unikia taa ya chumbani kwangu, na nikatoka humo nikiwa na neno moja tu la kusema, nalo linahusu ufundi wa kutunga hadithi. Neno hilo nimelipata katika kitabu kilichoniudhi, ambacho ni cha pili katika mfululizo wa vitatu. Seremala hodari huficha misumari yake, na seremala mzembe huiacha nje ikachana nguo za watu. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua kiti kimeungwa vipi, aghalabu atajifunza upesi zaidi kwa yule mzembe.

Kwa wale ambao hawajavifungua vitabu hivi, aina yake ni ile ya hadithi za dunia iliyokwisha kuangamia, ambazo watunzi wa Marekani na Uingereza wamewatungia vijana kwa wingi tangu mwanzo wa karne hii, na ambamo watu wazima wameiharibu dunia kwa vita, maradhi au moto, kisha wakawaachia watoto majivu wayapange upya. Mtunzi wetu wa leo ni James Dashner, Mmarekani mzaliwa wa jimbo la Georgia, aliyezaliwa mwaka 1972 na kusomea uhasibu kabla ya kuishika kalamu ya hadithi. Kitabu chake The Maze Runner kilitoka mwaka 2009, The Scorch Trials kikafuata mwaka 2010, na The Death Cure mwaka 2011, kila mwezi wa Oktoba kitabu kimoja, mithili ya mwembe usiokosa msimu. Baadaye akarudi nyuma kuyasimulia yaliyotangulia, katika The Kill Order cha 2012 na The Fever Code cha 2016. Dunia yake imeharibiwa na jua, ambalo miali yake ilizidi kipimo ikaunguza nchi zote zilizo baina ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, na baada ya moto yakazuka maradhi yaitwayo Flare, ambayo huila akili ya mtu polepole hata akageuka mnyama. Sisi tuliomo ukumbini humu, ambao wazee wetu walizikwa baina ya Tropiki hizo hizo mbili, tumekwisha teketezwa sote na mtunzi huyu kwa sentensi moja, na sikuona mahali alipotutaka radhi.

Serikali zilizosalia zikaunda chombo kimoja cha kutafuta dawa, na herufi za mwanzo za jina lake, kwa ucheshi mchungu wa mtunzi, zikiunganishwa husomeka WICKED, neno ambalo kwa Kiingereza maana yake ni mwovu. Chombo hicho huwachukua watoto, huwafuta kumbukumbu, na kuwatia katika mitihani ya kutisha ili kuzichunguza bongo zao zinavyofanya kazi katika hofu na huzuni. Huo ndio msingi wa nyumba nzima, na nawaombeni mwushike, maana nyumba itapasukia hapo hapo.

Kabla ya kukilaumu kitabu cha pili ni haki kukisifu cha kwanza. Kijana anaamka gizani, ndani ya lifti ya chuma inayopanda kwa mkwaruzo, hana kumbukumbu ya kitu chochote isipokuwa jina lake, Thomas. Lifti inafunguka katika uwanda uliozungukwa na kuta ndefu mno, ambamo wavulana wenzake wameishi kwa miaka 2, na kila mwezi lifti huwaletea mwenzao mmoja mpya. Nje ya kuta pana mzingile, njia zilizosokotana ambazo kuta zake huhama kila usiku. Jioni milango ya mawe hujifunga kwa ngurumo, na yeyote aliyebaki nje hukutana na Griever, viumbe nusu nyama na nusu chuma. Wavulana hawa wamejitengenezea mji: wako walimaji, wachinjaji, wajenzi, mpishi wao, na wakimbiaji ambao kila siku huuingia mzingile mbio na kurudi kuuchora kwenye karatasi. Wanayo hata matusi yao wenyewe, ambayo huanza kwa kumchosha msomaji na baada ya kurasa mia moja yanakuwa kama ya watoto wa mtaani kwake. Pale palikuwa na sheria. Msomaji alikwisha jua mlango unafungwa lini, nani hutoka na nani hatoki, na kila kosa bei yake ni nini. Kwa hiyo Thomas alipouvuka mlango ule dakika ya mwisho, ukafunga nyuma yake, sisi tulioshika kitabu tulivuta pumzi kwa kuwa tulijua hasa alichokifanya.

Basi na tuingie jangwani. Wavulana wapatao 20 wameokolewa kutoka mzingile, wamelishwa, wamelala vitandani; asubuhi wanaamka wakakuta waliowaokoa wananing'inia darini wamekufa, na punde maiti hizo nazo zimetoweka pasipo kuacha alama. Mtu mmoja mwembamba, ambaye vijana wanamwita Mtu-Panya, anawasomea masharti akiwa nyuma ya ukuta usioonekana: wote wana Flare, dawa iko mahali paitwapo Mahali pa Salama, wanapewa majuma 2 kutembea maili 100 kuelekea kaskazini, kupitia nchi iliyoungua iitwayo Scorch. Wanaingia handaki la giza ambamo matone ya madini yaliyoyeyuka huanguka na kuwafunika watu vichwa. Wanavuka jangwa, wananyeshewa radi, wanaingia mji wa wenye wazimu wa Flare, ambao huitwa Crank, na humo wanakutana na Jorge na msichana Brenda. Masaibu hayakosekani, ukiyahesabu utaona kwamba kitabu hiki kinayo maradufu ya kile cha kwanza. Tena handaki lile la giza limeandikwa vyema, kwa sababu ndani yake pana mlio wa chuma kikivingirika sakafuni ambao msomaji anausikia kabla hajaambiwa ni mlio wa nini.

Mpwa wangu, msichana wa miaka 14 aliyeniazima vitabu hivi, alikuwa amekiacha hiki katikati, na kipande cha tikiti ya basi kimechomekwa pale alipokomea. Nilipomwuliza kwa nini hakuendelea, naye alikimaliza cha kwanza kwa siku mbili hata sahani ya chakula ikapoa mbele yake, alinijibu bila ya kuinua kichwa kutoka kwenye madaftari yake ya shule: "Mjomba, humu hata mtu akifa unajua wanamjaribu tu. Sasa mimi nihuzunike saa ngapi?" Nimesoma tahakiki nyingi katika maisha yangu, na baadhi yake nimeziandika mimi mwenyewe, lakini sikumbuki moja iliyolipata jambo kwa maneno machache kiasi hicho.

Nitajaribu kulifafanua neno la mtoto huyu kwa mambo matatu yaliyomo kitabuni, na la kwanza ndilo kubwa, maana linamhusu Teresa, msichana wa pekee aliyeletwa katika uwanda wa wavulana, ambaye yeye na Thomas husemezana kwa fikra bila ya kufumbua vinywa. Asubuhi ile ya maiti, chumba alicholala Teresa wanakikuta kina mvulana mgeni aitwaye Aris, na ukutani kando ya mlango pana kibao chenye jina la msichana, na chini yake neno Msaliti. Baadaye wavulana wanagundua kwamba nao wamechorwa chale shingoni, kila mtu na cheo chake: Minho ni Kiongozi, Newt ni Gundi, yaani mwenye kuwashikamanisha wenzake, na Thomas ameandikiwa kwamba atauawa na Kundi B. Naam, hapa nilikaa sawasawa kitini. Mtunzi amekopa deni kubwa mbele ya mashahidi, na mtunzi akopaye hadharani hutazamiwa alipe hadharani.

Analipaje? Kundi B wanatokea, nao ni wasichana walionusurika katika mzingile wao, pacha wa ule wa wavulana. Wanamkamata Thomas, wanamtia guniani, wanamburura, kisha wanafanya baraza na kuamua kwamba hawapendi kuamrishwa kuua, wakamwachilia. Teresa, ambaye siku chache nyuma alimbusu na kumsihi akimbie, sasa anampiga, anamtukana, na mwisho anashirikiana na Aris kumfungia katika chumba kinachojaa mvuke. Thomas anazirai akiamini kwamba amekufa kwa mkono wa mtu aliyempenda. Anapozindukana anaelezwa kwamba mambo yote yale yaliamriwa na WICKED, kwamba ilikuwa lazima ajione amesalitiwa kweli kweli, na kwamba Teresa asingetii, yeye Thomas angeuawa. Kwa hiyo khiyana ile haikuwa khiyana. Ilikuwa somo lililopangiwa ratiba. Thomas anabaki na kinyongo, na kinyongo hicho ndicho kitu cha pekee katika kurasa zile chenye joto la binadamu, lakini mtunzi hana la kukifanyia, maana hakuna wa kulaumiwa wala wa kusamehewa. Msichana hakuchagua. Asiyechagua hawezi kuwa msaliti, hata ukimwandikia ubaoni.

Fauka ya hayo, angalieni mali iliyotupwa hapo. Mzingile wa pili, wa wasichana! Walikuwa na uwanda wao, mipango yao, wafu wao. Tunaambiwa kwamba yule Chuck mdogo aliyekufa mwisho wa kitabu cha kwanza, kwao alikuwa na mwenzake aitwaye Rachel, aliyekufa kifo kama chake. Hayo tunayapata kinywani mwa Aris kwa maneno machache, mithili ya abiria asimuliaye safari yake akiwa amekwisha ushika mlango wa gari. Mimi ningalitoa nusu ya jangwa lile ili nipewe jioni moja tu katika uwanda wa wasichana.

Jambo la pili ni risasi. Katika mji wa Crank, Thomas anapigwa risasi begani, jeraha linaingia sumu, homa inapanda, na kwa mara ya kwanza msomaji anashtuka kwa haki, kwa sababu silaha ile haikuwamo katika mpango wa mtu yeyote. Imetoka katika dunia yenyewe, dunia chafu, yenye kutu, isiyojua kwamba inatahiniwa. Nilijisemea moyoni kwamba sasa hadithi imeanza. Kumbe WICKED nao wameshtuka kama mimi: wanateremka na chombo chao cha angani, wanamchukua mgonjwa, wanamtibu, kisha wanamrudisha jangwani aendelee kuteseka kwa taratibu iliyoidhinishwa. Ajali ya pekee iliyotokea katika kitabu kizima imefutwa na wasimamizi wa mtihani, na mtunzi akiwashikia taa.

La tatu ni Mahali pa Salama penyewe. Baada ya maili zile 100, majuma yale 2, na vifo vya wavulana ambao wengi wao hatukuwahi hata kutajiwa majina, wanafika mahali palipotajwa, nao wanakuta tambarare tupu, na katikati yake kijiti kimechomekwa ardhini, kimefungwa utepe wa rangi ya chungwa unaopigwapigwa na upepo, na juu ya utepe maneno meusi yanayosema kwamba hapa ndipo. Mtu ambaye angekuwa na ujasiri wa kukomea hapo angaliandika ukurasa mkubwa. Hebu ufikirieni utepe ule, bei yake haifiki kikombe cha kahawa, na vijana wamesimama kuuzunguka wasijue wacheke au walie. Lakini mtunzi hana subira: saa moja baadaye ardhi inafunguka, yanatoka majitu ya kupigana nayo, radi inarudi, chombo cha angani kinashuka, mbio zinaanza upya, na kijiti kile kinasahauliwa na kila mtu isipokuwa mimi.

Yuko atakayenijibu kwamba ukatili usio na sheria ndio maudhui ya kitabu, na kwamba msomaji anafanywa aonje yale yanayomkuta mateka asiyejua lini ataambiwa kweli. Hoja hii ni nzuri, na nimekaa nayo siku kadhaa. Hata hivyo, ili ukatili wa namna hiyo uonekane, pana haja ya moyo unaobadilika kwa kuupata. Na Thomas wa ukurasa wa mwisho ana uchovu zaidi kuliko wa ukurasa wa kwanza, ana makovu zaidi, ana hasira ile ile kwa maneno yale yale. Anaamka, anakasirika, anazirai, analala. Nilianza kuyatia alama pembeni, kisha nikaona haya kwa kuwa kitabu si changu.

Kwa watunzi wa mfululizo, kitabu cha kati ni safari ya jahazi katika kina: bandari iliyoachwa haionekani tena, na inayoendewa bado iko chini ya upeo wa macho. Ukiwa bandarini kila mtu ni nahodha. Kule katikati ndiko ajulikanako mwenye kusoma nyota na mwenye kubahatisha. Wa pili huyu, akihofu kwamba abiria watachoka, huitisha dhoruba kila baada ya saa moja. Sura za Dashner ni fupi fupi, na karibu kila moja hukatwa penye mshtuko, hila ambayo masikio yetu yameizoea tangu Alfu Lela Ulela. Ila Shahrazadi alipoikata hadithi alfajiri, shingo yake mwenyewe ilikuwa chini ya upanga, na kila kisa alichokisimulia kilikuwa na sheria zake, jini ana ahadi yake na mfanyabiashara ana deni lake. Mfalme alitaka kujua kesho itakuwaje kwa sababu leo ilikuwa imemkaa moyoni.

Nisije nikadhaniwa kwamba nayachukia majangwa ya katikati yote. Mwaka 2009, mmoja tu kabla ya kitabu chetu, Patrick Ness, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alitoa The Ask and the Answer, nacho ni cha pili kati ya vitatu. Cha kwanza chake kilikuwa mbio tupu, mvulana Todd na msichana Viola wakikimbizwa nchi nzima. Mtunzi mwingine angalirefusha mbio hizo. Ness akawafungia wote wawili katika mji mmoja uliotekwa, akawatenganisha, akawapa kila mmoja sauti yake ya kusimulia, na Todd, mtoto mwema tuliyemlilia, akapewa kazi ya kusimamia mateka na kuwavisha vyuma vyenye namba. Anafanya. Hapo ndipo uzito ulipo: anafanya kwa mkono wake, siku kwa siku, na hakuna chombo cha angani cha kuja kumwambia kwamba lilikuwa jaribio. Kitabu kile kilipata tuzo ya Costa ya vitabu vya watoto mwaka huo huo, na mimi nisingaliipinga.

Sasa nitasema jambo ambalo mtu wa vitabu halisemi kwa furaha. Wes Ball, aliyeviongoza vitabu hivi vikawa filamu, alipoifikia ya pili mwaka 2015 alitupa karibu kila kitu: hapana chale za shingoni, hapana majuma 2, hapana kusemezana kwa fikra, vijana wanatoroka wenyewe na WICKED wanawawinda. Filamu ile iligharimu takriban dola milioni 61, nayo ina kasoro zake, hasa kukimbia kwingi mno penye giza. Lakini Teresa wake anawaita adui kwa hiari yake. Amewaona wagonjwa, anaamini kwamba dawa inastahili bei hiyo, anawasaliti rafiki zake akiwa na macho makavu na dhamiri timamu, na Thomas anapotambua hana wa kumwambia kwamba ulikuwa mtihani. Dashner aliliandika neno Msaliti mlangoni. Mwenye filamu ndiye aliyempata mtu wa kulistahili.

Nyumbani nilimweleza mpwa wangu haya ya filamu, akakitoa kile kipande cha tikiti kitabuni, akakirudisha kitabu rafuni, akaniuliza kama cha tatu kina afadhali. Nilimjibu kwa haki, na ninyi nawajibu vivyo hivyo. Katika cha tatu Newt, yule aliyeandikwa Gundi, anamwomba rafiki yake jambo ambalo hakuna rafiki apaswaye kuombwa, na Thomas analazimika kuchagua, na alichokichagua hakifutwi. Kwa ajili ya kurasa zile chache, kitabu cha tatu kisomeni. Cha kwanza kinunueni, mkiweza nakala mbili, kwa sababu hamtarudishiwa. Hiki cha pili, yupo mtu mtaani kwenu anacho: kiazimeni.